Faida Haimo Ndani ya Kalamu

Ukitaja Pangani, Watanzania wengi hufikiria mji mkongwe wa Tanga, pale mto unapoingia baharini. Pangani inayozungumzwa hapa ni nyingine. Ni kata ya Halmashauri ya Mji Kibaha, mkoani Pwani, safari ya kama kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Ni eneo la viwanja vipya, la nyumba zinazopanda kozi kwa kozi kadiri fedha inavyopatikana, la watu wanaodamka alfajiri kuwahi gari la Mbezi na kurudi giza limeshaingia. Siku nzima wameketi: garini, ofisini, dukani, nyuma ya cherehani. Usiku wanakula mlo mmoja mkubwa, kisha wanalala.

Miili imeanza kusema. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi au unene. Ule wa 2015–16 ukakuta asilimia 28. Kabla ya hapo, utafiti wa STEPS wa 2012 ulikuwa umeonyesha kwamba mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la damu, na asilimia 9.1 wana kisukari.

Kwenye kaunta ya famasi ya mtaani, takwimu hizo hufika kwa sauti ya chini. "Dada, mnayo ile sindano ya kupunguza mwili?" Anayeuliza ameiona kwenye simu, au shoga yake aliyetoka Dubai amemsimulia. Majibu mawili huja haraka. La kwanza ni "hatuna", na mteja anaondoka kwenda kumtafuta muuzaji wa Instagram. La pili ni "tutakuletea", bila kumuuliza lolote. Lipo jibu la tatu linalokula muda, na uchambuzi huu unashikilia kwamba hilo ndilo lenye fedha inayodumu. Famasi ndogo inaweza kupata faida ya halali kwa watumiaji wa dawa hizi, ila faida hiyo haimo ndani ya kalamu ya sindano. Imo katika miezi inayoizunguka kalamu hiyo.

Dawa zenyewe zinastahili heshima. Semaglutide, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, huiga homoni ya utumbo inayoitwa GLP-1: tumbo linachelewa kumaliza chakula na ubongo unapata habari ya shibe mapema. Tirzepatide, yaani Mounjaro na Zepbound, huiga homoni mbili. Sindano zake huchomwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki. Katika jaribio la STEP 1 lililochapishwa 2021, waliotumia semaglutide kwa wiki 68 walipunguza wastani wa asilimia 14.9 ya uzito, wakati waliopewa sindano isiyo na dawa walipunguza asilimia 2.4. Mama wa Pangani mwenye kilo 85 na urefu wa mita 1.60 ana BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, ya 33. Kwa wastani huo angeshusha kilo 12 au 13. Tirzepatide katika dozi yake kubwa ilifikisha karibu asilimia 21 kwa wiki 72. Mwaka 2023 jaribio la SELECT likaonyesha kwamba kwa watu wenye uzito uliozidi au unene na ugonjwa wa moyo, wasio na kisukari, semaglutide ilipunguza kwa asilimia 20 mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vikihesabiwa pamoja.

Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu Septemba 2025, kwa wenye kisukari aina ya pili ambao pia wana unene na ugonjwa wa moyo au figo. Desemba mwaka huohuo likatoa mwongozo wa kuzitumia kutibu unene wa watu wazima: kwa muda mrefu, kwa masharti, zikiambatana na msaada wa kina wa lishe na mazoezi. Neno "msaada" ndilo lingepaswa kumshtua mwenye famasi. Kiwanda kinauza kalamu, msaada hakiuzi. Na hospitali ya umma yenye foleni tangu saa moja asubuhi haina nafasi ya kumuuliza mgonjwa kila wiki kama jana alitapika.

Sasa fedha. Tuchukue hesabu ya mfano tu, maana bei halisi hubadilika kila mzigo unapoingia. Tuseme kalamu ya mwezi mmoja inanunuliwa kwa jumla Sh 500,000 na kuuzwa Sh 550,000. Faida ya Sh 50,000 kwa bidhaa inayoenea kiganjani inavutia. Lakini kalamu moja ikiharibika kwa joto au ikapitwa na tarehe, itabidi ziuzwe 10 kuifidia. Aliyeweka kalamu 10 amefungia kwenye friji Sh milioni 5, fedha ambayo ingejaza rafu za amlodipine, metformin, dawa za malaria na pakiti za chumvi za wanaoharisha, ikauzika na kununua tena.

Linganisha na hili. Famasi hiyohiyo ikiwa na wateja 25 wa presha na kisukari wanaorudi kila mwezi, kila mmoja akinunua dawa za Sh 40,000 ambazo robo yake ni faida, inapata Sh 250,000. Ni sawa na faida ya kalamu tano, bila milioni kulala kwenye baridi. Na watu hao 25 wako tayari mtaani. Wengi wao hawajijui, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapima. Yule anayenong'ona kuhusu sindano ya kupunguza mwili mara nyingi ni mmoja wao: akivalishwa mkono wa mashine ya presha, inasoma 160 kwa 100, na hapo mazungumzo yanabadilika kabisa.

Wenye famasi huru wa nchi nyingine wameshaonja uchungu wa kutegemea kalamu peke yake. Marekani, ambako bima hulipia dawa kupitia kampuni za kati, wamiliki wa famasi ndogo wamelalamika kwa miaka kadhaa kwamba fidia wanayolipwa kwa dawa hizi haifikii bei waliyonunulia, na baadhi wameacha kuziweka. Uingereza, ambako watu wengi hujinunulia, kampuni ya Eli Lilly ilipandisha bei ya Mounjaro Septemba 2025: dozi kubwa kabisa iliruka kutoka pauni 122 hadi 330 kwa mwezi. Famasi ndizo zilizobaki kuwakabili wateja wenye hasira. Pangani hakuna kampuni za kati za namna ya Marekani. Wengi hulipa kutoka mfukoni. Bei, hata hivyo, itaendelea kuamuliwa mbali sana na Kibaha.

Njia ya busara kwa duka dogo ni kuagiza kwa mtu, si kwa rafu. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari analipa kwanza kwa lipa namba, famasi inaagiza kwa muuzaji wa jumla mwenye kibali Dar es Salaam, kalamu moja inakuja na jina la mwenyewe. Kabla ya hapo mfamasia anafungua rejesta ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kuhakikisha kwamba bidhaa anayoagiza, kwa jina lake na kiwanda chake, imesajiliwa nchini. Isipokuwemo, hapo ndipo safari inaishia, hata mteja awe na fedha mkononi.

Kisha linakuja suala la joto, na hapa Pwani inastahili kuangaliwa kwa jicho lake yenyewe. Kalamu ambazo hazijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ozempic ikishaanza kutumika inaweza kukaa nje ya friji hadi siku 56, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Maelekezo hayo ni mepesi kwa mtu wa mji wa baridi kama Copenhagen. Kibaha mwezi wa Februari, chumba chenye paa la bati kinapita nyuzi 30 kabla ya adhuhuri. Kinyume chake ni hatari pia: kalamu ikigusana na barafu ikaganda, imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Boksi la baridi linalopanda daladala linahitaji kitambaa kati ya barafu na dawa, na friji ya famasi inahitaji kipimajoto kinachosomwa asubuhi na jioni, na namba kuandikwa. Friji inayotunza pia soda na maji ya wateja, mlango ukifunguliwa kila dakika, haifai kwa kazi hii.

Kwa mgonjwa asiye na friji, wazee walishaacha jibu kwenye kona ya jiko. Mtungi wa udongo hupoa kwa maji yanayovuja na kukauka juu ya ngozi yake, na vyombo vya udongo vya namna hiyo vimejaribiwa kwa kutunzia insulini katika nchi za joto vikaonekana kushusha joto kwa kiasi cha maana. Havifikii nyuzi 8, kwa hiyo kalamu ya akiba ibaki famasi. Lakini ile inayotumika, ikiwekwa kwenye mfuko usiopitisha maji na kuhifadhiwa ndani ya mtungi kivulini, ina nafasi nzuri kuliko juu ya kabati. Maelezo haya huchukua dakika tatu. Muuzaji wa Instagram hayatoi.

Huduma yenyewe huanza kwa maswali. Uzito, urefu, kiuno, presha, sukari. Je, katika ukoo yupo aliyewahi kuugua saratani ya tezi ya shingo ya aina iitwayo medulari? Aliwahi kuugua kongosho? Ana mawe ya nyongo? Ana mimba, au anaitafuta? Semaglutide inapaswa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kushika mimba. Tirzepatide hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, hivyo anayevitumia huhitaji kondomu kwa wiki nne za mwanzo na kila dozi inapopandishwa; ni taarifa ambayo dada wa miaka 28 ana haki ya kuipata kabla hajalipa. Anayetumia glibenclamide au insulini anaweza kuanguka kwa sukari kushuka, kwa hiyo arudi kwa daktari, mathalani Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, dozi zipangwe upya. Kwa baadhi ya watu majibu ya maswali haya yatakuwa "hapana, dawa hii si yako". Famasi inapoteza mauzo ya siku hiyo, na inabaki na mtu ambaye atarudi na mama yake mwezi ujao.

Dozi hupanda ngazi kwa ngazi. Wegovy huanza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, ndipo 0.5, na kuendelea hadi 2.4 mwezi wa tano. Wenye haraka huruka ngazi, na hao ndio wanaoishia kutapika. Wiki za kwanza ndizo mgonjwa anahitaji mtu wa kumpigia: kichefuchefu, choo kigumu, kuharisha, kiungulia. Mengi yanatulizwa na chakula, lakini ushauri lazima ujue jiko la watu. Kumwambia mtu wa Pangani ale saladi na mtindi wa Kigiriki ni kumfukuza. Mwambie apunguze sahani ya wali wa nazi iwe robo, aanze na maharage, kunde, dagaa au samaki kabla ya wanga, aache vitumbua na chapati za mafuta mengi wiki ile dozi inapopanda, anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa. Protini si pambo: sehemu ya uzito unaoondoka ni misuli, na mama anayepoteza misuli atashindwa kubeba ndoo.

Ramadhani inahitaji ukurasa wake kwenye daftari la kufuatilia wateja. Pwani ni nchi ya wafungaji, na mtu aliyefunga huku tumbo lake likikataa maji ya kutosha wakati wa daku yuko kwenye hatari ya kukaukiwa. Mfamasia anayeijua kalenda huita wateja wake mwezi wa Shaabani: dozi isipandishwe wakati wa mfungo, wenye kisukari waonane na daktari mapema.

Mazoezi nayo yana mlango uliokwisha kufunguliwa. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na vikundi vya jogging vimeota Dar na viunga vyake. Famasi inayojitokeza na mizani na mashine ya presha pale kikundi kinapomalizia mbio imefanya kazi ya afya na kujitambulisha kwa watu 50 kwa mkupuo. Dawa za cheti haziruhusiwi kutangazwa kwa umma. Kupima presha kunaruhusiwa kuonekana.

Malipo ya huduma ndiyo tabu. Watu wa hapa hawajazoea kulipia maneno; wanalipia kitu wanachokishika. Wazo la kifurushi, hata hivyo, kila mwenye simu analielewa. Kifurushi cha miezi mitatu chenye kupimwa kila wiki, kadi ya kumbukumbu, sindano za kalamu, chombo cha kutupia sindano zilizotumika na simu mbili za ufuatiliaji kinaweza kuwekewa bei moja. Hakuna sababu kisiuzwe pia kwa asiyetumia sindano kabisa, anayejaribu kupunguza unga na sukari kwa nguvu zake, au aliyeandikiwa orlistat. Vidonge hivyo ni vya zamani, havihitaji friji, na huzuia karibu theluthi ya mafuta ya chakula yasinyonywe. Mafuta hayo hutoka yalivyo, na mtu aliyekula samaki wa kupaka bila kuonywa ataukumbuka mchana ule maisha yake yote.

Kuna jambo linaloweza kuua huduma hii kabla haijasimama, nalo ni aibu. Huku kwetu kunenepa ni sifa: "umenawiri, mambo mazuri". Famasi ileile inayoulizwa sindano ya kupungua huulizwa pia vidonge vya kuongeza hamu ya kula na makalio, na mara nyingine siku hiyohiyo. Anayepungua haraka huulizwa, "mbona umekwisha hivyo?" Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, kukonda ghafla kumebeba tuhuma, na tuhuma hiyo haijaisha hata sasa ambapo dawa za kufubaza virusi zinawapa watu afya tele. Mwanamke aliyepungua kilo 12 anaweza kuacha matibabu kwa sababu ya minong'ono ya kisimani tu. Kwa hiyo kiti kimoja nyuma ya pazia kina thamani kuliko rafu nyingine ya vipodozi. Uzito usitajwe kwa sauti. Kundi la WhatsApp la "wapunguzaji wetu" lisianzishwe bila kila mmoja kuridhia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

Aibu hiyohiyo ndiyo inayowapeleka watu kwa wauzaji wa kificho. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic ghushi zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Austria, mwaka 2023, watu walilazwa kwa sukari kushuka baada ya kutumia kalamu zilizodhaniwa kuwa na insulini badala ya semaglutide. Chai na vidonge "vya asili" vya kukata tumbo navyo si salama kwa sababu tu vina picha ya jani: sibutramine, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo, imeendelea kukutwa imechanganywa kisiri kwenye bidhaa za namna hiyo. Na wapo wanaogawana kalamu moja watu wawili ili kupunguza gharama. Hata sindano ikibadilishwa, damu inaweza kurudi ndani ya kalamu. Kalamu ni ya mtu mmoja, kama mswaki.

Si kila duka la Pangani ni famasi. Mengi ni maduka ya dawa muhimu, DLDM, mpango ulioanza Ruvuma mwaka 2003 ili vijiji visivyo na mfamasia vipate dawa salama kwa watoa dawa waliofundishwa. Sindano hizi hazimo katika kazi yao. Lakini wao ndio walio karibu na nyumba, na mizani wanaweza kuwa nayo. Famasi moja ikielewana na maduka matatu ya DLDM ya jirani, wapime na kuelekeza, naye mfamasia awarudishie wateja wao kwa dawa za kawaida, kila mmoja anabaki na chake.

Swali gumu zaidi linapaswa kuulizwa siku ya kwanza: una fedha ya miezi mingapi? Washiriki wa STEP 1 walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza. Mtu anayeuza kiwanja kulipia miezi minne ananunua huzuni ya baadaye, na mfamasia anayenyamaza amemsaidia kuinunua. Unafuu unasogea: hataza ya semaglutide nchini India ilipangwa kumalizika Machi 2026, na India ndiyo inayoijaza Tanzania dawa nakala, zenye kiambata sawa na cha dawa ya kwanza, kutoka viwanda vingi. Bei ikishuka, wateja watakuwa wengi kuliko wanaonong'ona leo, na famasi itakayowahudumia vizuri ni ile ambayo tayari ina kiti nyuma ya pazia na daftari lenye mistari ya kila wiki.

Daftari hilo ndilo hubaki na kazi mgonjwa anapoishiwa. Kalamu imekoma, mizani haijakoma. Anaendelea kuja Jumamosi, bure au kwa bei ndogo ya kupimwa, akinunua dawa yake ya presha. Mstari ukionyesha kilo mbili zimerudi mwezi wa pili, anapigiwa simu wiki hiyohiyo, kabla hazijawa kumi.